Kumwandaa mwanafunzi wa kidato cha sita kwa chuo kikuu na kazi: mwongozo kamili kwa walimu walezi na wazazi

Mwanafunzi wa kidato cha sita nchini Tanzania humaliza mtihani wake wa mwisho mwezi Mei, na kuanzia hapo mambo humjia mfululizo. Mwishoni mwa Mei au mapema Juni wengi huitwa kambini kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, ambayo huchukua takribani miezi mitatu. Baraza la Mitihani hutangaza matokeo mwezi Julai, vyuo hufungua dirisha la udahili muda mfupi baadaye, na dirisha la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambalo hufunguliwa katikati ya mwaka, kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa Agosti. Kwa hiyo kijana anatakiwa kuamua atasoma nini, wapi na kwa fedha ya nani katika wiki zile zile anazopiga kwata Ruvu, Mafinga au Bulombora, huku simu yake ikiwa mbali naye.

Nimekuwa mwalimu mlezi wa kidato cha tano na sita kwa miaka kadhaa, na karibu kila kilio nilichokisikia mwezi Septemba kilitokana na jambo moja: kazi iliyopaswa kufanywa kabla ya mtihani iliachwa isubiri matokeo. Ni kweli kwamba matokeo yana uzito, lakini hayasahihishi jina lililokosewa kwenye cheti cha kuzaliwa, wala hayamwelezi kijana mpimaji ardhi anashindaje kazini. Ndiyo maana hatua nne za mwanzo katika mwongozo huu zote zinapaswa kukamilika kabla mwanafunzi hajaingia kwenye chumba cha mtihani.

Hatua ya kwanza: anzeni na kazi, jina la chuo lifuate

Ukiwauliza wanafunzi wa kidato cha tano wanataka kuwa nani, utasikia daktari, mwanasheria, mhandisi na mhasibu, kisha kimya. Hilo si kosa lao, kwa sababu mtu hutamani kile alichokiona. Ninachofanya ni kuwapa kazi ya likizo ya Desemba: kila mmoja amtafute mtu mmoja anayefanya kazi inayomvutia, aliye karibu na nyumbani kwao, akae naye walau siku moja kamili. Si lazima awe mtu mkubwa. Mganga wa zahanati, afisa ugani wa kata, fundi sanifu wa maabara, mwandishi wa hesabu wa chama cha ushirika cha mazao, karani wa mahakama ya mwanzo, wote wanafaa, na wengi wao hufurahi kuulizwa.

Mwanafunzi arudi na ukurasa mmoja unaojibu maswali matatu. Mtu huyo alifanya nini, saa kwa saa, tangu alipofika kazini? Alisomea nini, na kwa miaka mingapi? Baada ya kuhitimu alihitaji nini tena kabla ya kuruhusiwa kufanya kazi hiyo? Swali la tatu ndilo ambalo familia nyingi hazijawahi kulifikiria. Shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili, kwani atapaswa kupitia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, yaani Law School of Tanzania. Udaktari ni miaka mitano darasani na wodini, kisha mwaka mzima wa utarajali hospitalini chini ya usimamizi. Mhasibu anayetaka kutambulika kitaaluma atafanya mitihani ya NBAA, yaani Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, na mhandisi atasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi baada ya kipindi cha kufanya kazi chini ya wakubwa zake. Mzazi anayeuza mbuzi ili mwanawe asome anastahili kujua safari nzima ina urefu gani.

Nakumbuka kijana mmoja wa PGM, yaani tahasusi (mchanganyiko wa masomo) ya Fizikia, Jiografia na Hisabati, aliyekuwa akisema uhandisi wa ndege tangu siku ya kwanza. Likizo ile hakupata mtu wa ndege kijijini kwao, akaangukia kwa mpimaji ardhi wa halmashauri, ambaye alimbebesha fimbo yenye mistari myekundu na myeupe kwa siku mbili. Alirudi shuleni na daftari lenye tope pembeni, ndani yake amechora pembe na umbali wa viwanja vya mtaa wao kwa penseli, na swali lake la kwanza lilikuwa kama jiomatiki ya Chuo Kikuu Ardhi inakubali tahasusi yake. Sikuwa nimemshauri neno lolote juu ya upimaji.

Katika hatua hii panueni pia orodha ya vyuo vinavyotajwa darasani, kwa maana wanafunzi wengi wanajua Dar es Salaam, Dodoma na Muhimbili basi. Waelezeni kwamba Sokoine, Morogoro, hufundisha misitu pamoja na kilimo. Kwamba Mweka, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ni chuo cha usimamizi wa wanyamapori tangu 1963. Kwamba Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hufundisha matengenezo ya ndege, na Chuo cha Bahari cha Dar es Salaam huwaandaa mabaharia. Kwamba Chuo cha Maji na Chuo cha Takwimu cha Mashariki mwa Afrika vipo, na kwamba nchi ina kazi nyingi za maji na za takwimu.

Hatua ya pili: mfundishe kuhesabu alama kwa njia zote mbili

Hapa ndipo wazazi hupotea, na walimu wengine pia. Baraza la Mitihani huhesabu pointi kwa namna ambayo kidogo ndiyo bora: A ni 1, B ni 2, C ni 3, D ni 4, E ni 5, S ni 6 na F ni 7. Pointi za masomo matatu ya tahasusi zikijumlishwa, 3 hadi 9 ni daraja la kwanza, 10 hadi 12 la pili, 13 hadi 17 la tatu, 18 na 19 la nne. Tume ya Vyuo Vikuu, yaani TCU, huhesabu kinyume chake: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1, na hapo nyingi ndiyo bora. Sifa ya chini ya kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu mkuu katika masomo mawili, wanafunzi huuita prinsipo mbili, wenye jumla isiyopungua pointi 4. Alama A hadi E ndizo prinsipo, S haimo.

Chukueni wanafunzi wawili wa PCB na mfanye hesabu ubaoni. Wa kwanza amepata S ya Fizikia, D ya Kemia na C ya Biolojia. Kwa Baraza ana 6, 4 na 3, jumla 13, daraja la tatu. Wa pili amepata D ya Fizikia, D ya Kemia na E ya Biolojia, yaani 4, 4 na 5, jumla 13 vilevile, daraja la tatu vilevile. Kwenye karatasi ya matokeo wanaonekana sawa. Sasa hesabuni kwa TCU. Wa kwanza ana prinsipo mbili zenye pointi 5, hivyo kwa kozi inayodai masomo mawili, ikiwa Kemia na Biolojia ndiyo yanayotakiwa, amesimama vizuri kuliko mwenzake. Lakini kozi inayodai prinsipo zote tatu imemfungia mlango kwa sababu ya ile S. Wa pili ana prinsipo tatu, ila masomo yake mawili bora yanampa 4 tu, amegusa mpaka wa chini kabisa. Mwanafunzi akiielewa hesabu hii mwezi Januari, atajua ni somo lipi linahitaji usiku wake wa ziada kabla ya Mei, na hataacha somo moja lizame akitumaini kwamba mawili mengine yatambeba.

Masomo ya kidato cha nne nayo hayajafa. Kozi kadhaa za biashara, uchumi na kompyuta hutazama Hisabati ya kidato cha nne au ile Hisabati ya ziada ya kidato cha sita, na nyingine hutazama Kiingereza. Nimeona mwanafunzi wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) mwenye daraja zuri akistaajabu kuulizwa alama aliyoipata miaka miwili nyuma.

Hatua ya tatu: someni mwongozo wa udahili mkiwa pamoja

Kila mwaka TCU hutoa mwongozo wa udahili kwa wahitimu wa kidato cha sita, na mwingine kwa wenye stashahada. Msisubiri wa mwaka husika. Chukueni wa mwaka uliopita, chapisheni kurasa za vyuo vitano au sita, na mzisome darasani mwezi Januari au Februari, mkikumbushana kwamba mpya utakapotoka lazima kila sifa ihakikiwe tena. Kila kozi ina safu zake: sifa za kuingia, pointi za chini ambazo chuo kimeweka, idadi ya nafasi, na miaka ya masomo. Safu ya nafasi hupuuzwa sana, nayo inasema mengi. Kozi yenye nafasi 40 inayotamaniwa na nchi nzima haiwezi kuwa tegemeo pekee la mtu mwenye pointi za chini zinazokubalika, hata kama jina lake linaruhusiwa kuingia kwenye mashindano.

Kila mwanafunzi aandike kozi sita kwa mkono wake. Mbili ziwe zile anazozitamani hata kama zinahitaji alama za juu kuliko anazopata kwenye mitihani ya majaribio, mbili zilingane na alama zake za sasa, na mbili ziwe ambazo angezipata hata akiteleza. Sharti ni kwamba hizi mbili za mwisho ziwe kozi ambazo kweli yuko tayari kuzisoma. Akiandika ili kujaza nafasi, atadahiliwa humo na kulia mwaka wa kwanza. Pembeni mwa kila kozi aandike ada ya mwaka na umbali kutoka nyumbani. Walio kwenye tahasusi zilizoongezwa mwaka 2024 wasome sifa kwa umakini wa pekee, waone kama tahasusi yao imetajwa, na pale wasipoelewa chuo kiulizwe kwa maandishi.

Hakikisheni pia kwamba chuo na kozi vina ithibati ya TCU. Broshua iliyochapwa vizuri si ithibati.

Hatua ya nne: nyaraka, jina kwa jina, herufi kwa herufi

Ningekuwa na saa moja tu na wanafunzi wa kidato cha sita, ningeitumia hapa. Kila mmoja alete nakala ya cheti cha kuzaliwa, cheti au hati ya matokeo ya kidato cha nne, na namba au kitambulisho cha taifa kinachotolewa na NIDA kama anacho. Viwekwe juu ya meza, kimoja chini ya kingine, na jina lisomwe kwa sauti. Cheti kimoja kinasema Yohana, kingine John. Kimoja kina jina la babu, kingine hakina. Kimoja kimeandikwa Mwanaisha, kingine Mwana Aisha. Tarehe ya kuzaliwa inatofautiana kwa miaka miwili kwa sababu mtoto alichelewa kuandikishwa shule. Katika darasa la wanafunzi 40, kila mwaka ninawapata kadhaa, na hakuna mmoja wao aliyekuwa akijua.

Kasoro hizo hurekebishwa kwa hati ya kiapo, au kwa hati ya kubadili jina pale tofauti inapokuwa kubwa, na kazi hiyo inahitaji wakili, nauli na siku za kusubiri. Mwezi Februari ni usumbufu mdogo, ilhali katikati ya Agosti, mwombaji akiwa kambini na mzazi akiwa shambani, unaweza kugharimu mwaka mzima.

Cheti cha kuzaliwa kinachotumika kuombea mkopo lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kupitia mfumo wake wa mtandaoni. Kwa aliyezaliwa Zanzibar, na wakala wa usajili wa huko. Aliyefiwa na mzazi ahakiki pia cheti cha kifo. Uhakiki huu haungoji matokeo, hivyo msingoje. Wengine wana nyaraka zao za ziada: aliyelipiwa sekondari na mfadhili atahitaji barua yake, anayetoka kwenye kaya inayosaidiwa na TASAF, mfuko wa serikali wa kaya maskini, atahitaji namba ya kaya, na mwenye ulemavu atahitaji fomu iliyosainiwa na mganga mkuu. Vyote viingie kwenye bahasha moja ya plastiki inayobaki na mzazi, pamoja na picha ndogo na nakala zilizopigwa vizuri kwa skana.

Mfungulieni mwanafunzi barua pepe yake mwenyewe, na nywila iandikwe kwenye karatasi ndani ya bahasha hiyo. Nilikuwa na mwanafunzi ambaye ombi lake lilijazwa kwenye steshenari ya mjini, na mhudumu, kwa haraka, akaweka barua pepe na namba ya simu za kwake ili kazi iishe. Ujumbe wa kudahiliwa ulikwenda kwa mhudumu. Msichana yule alisubiri nyumbani wiki tatu akiamini amekosa. Steshenari zinasaidia watu wengi na sizikatazi, lakini mzazi asimame kando ya kiti na asome kila namba kabla kitufe cha kutuma hakijabonyezwa.

Hatua ya tano: ombi la mkopo

Ombi hufanyika kwenye mfumo wa mtandaoni wa Bodi ya Mikopo unaoitwa OLAMS. Namba ya mtihani wa kidato cha nne itakayotumika humo iwe ile ile iliyotumika kuombea chuo. Aliyerudia mtihani na kuwa na namba mbili achague moja na kuishika kote, kwa sababu mifumo humtambua mtu kwa namba hiyo. Fomu ikishajazwa huchapwa, husainiwa na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili, kisha hupandishwa tena kwenye mfumo. Kurasa zisizosainiwa au zisizo na muhuri ndizo hurudisha maombi mengi, basi mtu wa pili azikague kabla hazijapandishwa. Mdhamini akubaliane na familia mapema, kwani atatakiwa kutoa kitambulisho na picha.

Aliye kambini anahitaji mtu wa nyumbani wa kumfuatilia. Mchagueni mtu huyo kwa jina kabla ya Mei: dada, mjomba, au mwalimu ikiwa nyumbani hakuna anayejua kutumia mfumo. Fomu inayohitaji saini ya mwombaji ipangiwe namna itakavyomfikia na kurudi.

Mzungumzeni pia kuhusu deni, kwa upole na bila kumtisha. Mkopo hugusa ada, chakula na malazi, vitabu, na mafunzo kwa vitendo, kwa viwango vinavyotegemea uhitaji wa mwombaji, na si kila mtu hupewa vyote. Akija kuajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi amalize. Kijana anayelijua hili mapema huliangalia jina la kozi kwa jicho jingine. Wanaosoma sayansi na kupata ufaulu wa juu kabisa waulize pia kuhusu ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023, ambao haurejeshwi kama mkopo.

Anayepangiwa kiasi asichoridhika nacho ana dirisha la rufaa, na hapo barua na vielelezo vilivyomo kwenye ile bahasha ndivyo vitakavyomtetea.

Hatua ya sita: kuomba chuo na kuthibitisha

Maombi hupelekwa moja kwa moja kwenye chuo, si TCU, na kila chuo kina mfumo wake na ada yake ya maombi. Vyuo vitatu au vinne vilivyochaguliwa kutoka kwenye ile orodha ya kozi sita vinatosha kwa wengi. Udahili huenda kwa awamu, na aombe awamu ya kwanza, wakati nafasi bado ni nyingi.

Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa kutumia namba ya siri anayotumiwa kwa simu, ndani ya siku zilizotangazwa. Hapa ndipo umuhimu wa namba ya simu inayopatikana unapoonekana. Asiyethibitisha anaweza kupoteza nafasi akiwa amechaguliwa, na nimeshuhudia hilo likimpata mwanafunzi bora wa darasa lake.

Hatua ya saba: ambaye alama hazikutosha

Mwiteni nyumbani au ofisini mapema, kabla aibu haijamfungia ndani. Mlango wa stashahada uko wazi katika vyuo vilivyo chini ya NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi, na mwenye stashahada yenye GPA (wastani wa alama) isiyopungua 3.0 anaweza kuomba shahada katika fani hiyo akiwa tayari ameshika kazi mkononi. Chuo Kikuu Huria kina programu ya msingi kwa waliopungukiwa kidogo. Kurudia mtihani ni njia halali pia, ila mwanafunzi aeleze kwanza kitu gani kitakuwa tofauti safari hii, na jibu la kusema ataongeza bidii lisikubaliwe bila ratiba na mwalimu wa somo husika.

Fundi sanifu wa maabara au wa umeme aliyeanzia stashahada hufika kwenye shahada akijua mambo ambayo wenzake watayaona mafunzo ya vitendo yatakapowapeleka kazini. Waambieni wazazi hivyo, kwa sababu wengi huliona jambo hili kama kushushwa cheo.

Hatua ya nane: wiki za mwisho kabla ya safari

Fedha ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita bumu, mara nyingi haiingii siku ya kwanza. Mwanafunzi aondoke na fedha ya chakula na nauli ya walau wiki tatu, hata ikibidi familia ichangishane, na ajue bei ya chumba cha kupanga karibu na chuo ikiwa hosteli itajaa. Mwanafunzi ajifunze kupika wali, maharage na mboga kwa jiko dogo. Ajifunze kuchapa ukurasa kwenye kompyuta na kutuma kiambatisho, maana kazi za chuo huanza wiki ya pili bila kumngoja.

Kuhusu ajira, mpeni daftari dogo jipya. Humo aandike, tangu mwaka wa kwanza, kila kazi aliyoifanya na tarehe yake: kusimamia uchaguzi wa wanafunzi, kufundisha tuisheni likizoni, kuhesabu mifugo na afisa ugani, mafunzo kwa vitendo na jina la msimamizi wake pamoja na simu. Miaka mitatu au minne baadaye, atakapofungua akaunti kwenye Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi serikalini, na kutakiwa kueleza uzoefu na kutaja wadhamini, atanakili kutoka kwenye daftari hilo. Ukurasa wa kwanza uwe ule aliouandika likizo ya Desemba ya kidato cha tano.